Kilemba, Madoa na Kata ya Bi Mwanakombo

Paukwa!
Pakawa!
Mayai ya nani yaliliwa?
Ya jirani!
Basi kaeni vizuri, maana jirani huyo ana jina.

Uani kwa Bi Mwanakombo palikuwa na kidimbwi cha saruji, na ndani yake samaki wa dhahabu, kila mmoja na pambo lake. Macho-Nje, macho yamemtoka kama aliyesutwa mbele za watu. Mkia-Shela, mkia unamfuata kama bibi harusi. Kilemba, mkubwa kuliko wote, na nundu nyekundu kichwani, naye kwa nundu hiyo akajiona sultani. Na Madoa, kijimama kidogo, kimerashiwa buluu, wekundu na weusi.

Madoa anataga, Kilemba anakula. Nyap! Madoa anataga tena, Kilemba anakula tena. Nyap, nyap!

"Bwana mkubwa, mbona unanimaliza?"

"Wee Madoa, si utataga mengine?"

Safari moja yai likaangukia nyuma ya jiwe, likaanguliwa. Mtoto akatoka wa kijivu, kama watoto wote wa samaki hao kabla rangi haijawaingia. Madoa akamwita Jivu, akamficha kwenye magugu. Huyo tu ndiye aliyebaki. Na Kilemba alishaanza kuyanusanusa magugu.

Sasa, kila Ijumaa Bi Mwanakombo alikuwa anachagua. Aliyepinda mkia, aliyekosa rangi, anayeogelea chali, humchota kwa kata akamtupa nje ya ukuta. Chubwi! Pwaa! Nyau. Halafu kimya. Madoa aliijua vizuri maana ya kimya kile.

Akamwendea Kilemba.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Unakonda."

"Marahaba. Nakonda?"

"Wenzio wanahamia kidimbwi cha nje. Chakula tele, hakuna kugombania. Umewahi kumwona aliyerudi?"

Kilemba akafikiri. "Sijamwona."

"Angeacha shibe arudi kufanya nini?"

"Na ile nyau, nyau?"

"Wapishi hao, wanakaribisha wageni."

Kilemba mate yakamjaa, kama samaki huwa na mate. "Mimi sitachaguliwa. Mimi mzuri mno."

"Lala chali, bwana wangu. Lala chali tu."

Ijumaa Kilemba akalala chali, tumbo juu, kilemba chini. Bi Mwanakombo akasonya. "Maskini, huyu naye kaharibika." Chubwi! Pwaa! Nyau. Halafu kimya.

Madoa alicheka mpaka magamba yakamwasha. Akatunga na wimbo: "Kidimbwi cha nje, chakula tele, wapishi wanakuita!" Akauimba asubuhi, akauimba jioni, Macho-Nje na Mkia-Shela wakimwitikia. Alipaswa kumkalisha mwanawe amwambie ukweli. Hakumwambia. Alikuwa amelishwa uchungu miaka mingi, na leo kaonja utamu, akashindwa kuutema.

Jivu alikuwa maguguni siku ile Kilemba alipodanganywa. Alisikia kila neno. Na wimbo aliujua wote.

Rangi zikaanza kumwingia: doa moja la buluu ubavuni, zuri kuliko yote ya mamaye. Asingechaguliwa kamwe. Lakini Ijumaa iliyofuata Madoa aligeuka akamkuta mwanawe juu ya maji, amelala chali.

"Jivu! Geuka! Jivu, nilidanganya!"

"Usijali, mama," Jivu akasema, na kata ilishamfika. "Nitakula kwanza, halafu nitakuita."

Chubwi! Pwaa!

Nyau.

"Mama," ikasikika kwa mbali, "wapishi wamekuja."

Halafu kimya.

Madoa yupo hadi leo. Anataga, na hakuna wa kumlia mayai. Anayala mwenyewe.

Hadithi yangu imezama hapo. Mwenye pumzi aifuate. Na fundisho lake, watoto wangu, ni hili: wasikilizeni mama zenu, mfuate kila wanalosema. Mama hasemi uongo.