Jina Jipya la Bibi Mbodze

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, lilikaliwa baraza moja, na waliohudhuria ni hawa. Alikuwapo Sultani Hatimu bin Shee, juu ya kiti chake cha mpingo. Alikuwapo Waziri Feruzi bin Sudi, mtu mwenye jibu kabla ya swali. Alikuwapo Kadhi Nurdini bin Haruni, mwanachuoni wa kweli, ila mwoga. Alikuwapo Bibi Mbodze wa Chengo, mfinyanzi, ameketi chini karibu na mlango, kati ya askari waliomleta. Na nje ya mlango huo alikuwapo Vuai bin Makame, mchota maji wa msikiti, ambaye hakualikwa na mtu; alikuwa amefuata harufu ya pilau.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Sultani Fakihi wa mji wa Ndere alikuwa anakuja kuzuru siku ya Ijumaa, na Sultani Hatimu alitaka kumwambia kwamba katika Shungi hapana hata mtu mmoja asiye Mwislamu. Watu wakatafutwa nyumba kwa nyumba, ikaonekana yupo mmoja tu, naye ndiye Bibi Mbodze, aliyekuja kutoka bara akiwa msichana, pamoja na ufundi wake wa vyungu na dua za wazee wake. Basi Sultani akaona mtu mmoja si kazi.

Kadhi akasema kwa sauti ndogo kwamba dini haiingii kwa nguvu, sharti mtu aridhie mwenyewe. Sultani akajibu kwamba hayo anayajua, na ndiyo maana huyu bibi ameitwa, aje aridhie. Akamgeukia akamuuliza, "Bibi, waridhia kuingia katika dini yangu Ijumaa hii, na kuitwa Mwanahawa binti Abdalla?"

Bibi Mbodze hakujibu. Alikuwa akifikiri. Jina la Mbodze alipewa na baba yake, nalo lilikuwa jina la nyanya yake mzaa baba. Halikuwa lake peke yake hata alitoe kama anayeazima kibuyu. Akainama akaangalia vidole vyake vilivyokaukiwa na udongo.

Waziri hakungoja. Akasema, "Maulana, amenyamaza. Nasi sote tumehudhuria harusi. Mwari huulizwa na kadhi mlangoni, akinyamaza amekubali, wala hapana amtakaye aseme zaidi. Huyu naye ameulizwa, yuko mlangoni, na kadhi yupo. Ameridhia."

Sultani akasema ni kweli tupu. Kadhi akautazama mkeka kana kwamba ameona mdudu. Ikawa shauri limekwisha, na pilau ikaletwa.

Vuai alipewa sahani yake huko nje, lakini siku ile aliirudisha imejaa. Mama yake mzazi alikufa yeye akinyonya, na aliyemlea kwa uji na samaki wa kukaanga ni Bibi Mbodze huyu. Ndiye aliyemwamsha kila alfajiri aende chuoni kusoma Kurani na watoto wenzake, akisema kwamba hiyo ndiyo dini ya mama yake, asiipoteze. Na katika miaka yote ile hakumwambia hata siku moja afuate dua za bara.

Basi akamfuata nyumbani kwake, akamkuta ameketi kando ya vyungu vyake, hakugusa udongo.

"Mwanangu," akasema Bibi Mbodze, "nilikuwa nafikiri tu. Kwani kule kwa Sultani kufikiri ni mwiko?"

"Si mwiko, bibi," akajibu Vuai. "Ila hawajazoea."

Ikawa siku ya Ijumaa. Sultani Fakihi alikuwa amewasili, na baada ya sala watu wakakusanyika barazani kusikia jina jipya likitangazwa. Sultani Hatimu akakaa kitini kuvuta uradi wake kwanza. Na ilijulikana mjini kote kwamba alikuwa na nadhiri: akishika tasbihi hasemi na mtu mpaka amalize, hata nyumba iwake moto.

Alipokuwa katikati ya tasbihi yake Vuai akapenya, amechukua ndoo yake ya ngozi, akasimama mbele ya kiti, akainama kwa adabu.

"Maulana Sultani Hatimu bin Shee," akasema, "mimi Vuai bin Makame nakuuliza mbele ya mashahidi hawa: waridhia kuniachia kiti hiki, ukashike ndoo yangu, ukachote maji ya msikiti, na kuitwa Juma Ndoo?"

Sultani akamtolea macho. Midomo ikaenda mbio na tasbihi nayo ikaenda mbio, lakini neno halikutoka.

Vuai akamgeukia Kadhi. "Sheikh, shuhudia. Ameulizwa, amenyamaza." Akaiweka ndoo miguuni pa Sultani, akamwomba asogee kidogo ampishe.

Askari wakamtazama Waziri. Waziri akasimama, akafungua kinywa aseme kwamba kunyamaza si kukubali. Akakumbuka aliyoyasema juzi, akakifunga.

"Na Waziri naye amenyamaza," akasema Vuai. "Mji huu watu wake ni wepesi wa kuridhia."

Sultani Fakihi, mgeni, akaziba uso kwa ncha ya kilemba, mabega yakimtikisika.

Hapo tasbihi ikaisha, Sultani akaruka kitini. "Mwana wa haramu we! Sikuridhia! Nilikuwa nimenyamaza kwa ajili ya Mola wangu!"

"Naam, Maulana," akasema Vuai. "Na Bibi Mbodze alinyamaza kwa ajili ya nani? Hukumuuliza."

Baraza zima likawa kimya, wala hapana aliyethubutu kukihesabu kimya kile kuwa ni kukubali. Kisha Kadhi Nurdini akainua macho kutoka mkekani, akasema kwa sauti ambayo watu hawakuizoea kwamba kimya kile cha harusini ni cha mwari mwenye haya, aliye kwa baba yake naye hana hofu. Si cha mwanamke aliyezungukwa na askari. Akasema alipaswa kuyasema juzi.

Sultani akamtazama Kadhi, akaitazama ndoo, ndipo cheko likamshinda, akacheka hata akashika mbavu. Akaagiza Bibi Mbodze aletwe, akamuuliza upya, akangoja jibu.

"Bado nafikiri, Bwana," akasema Bibi Mbodze. "Neno hili ni kubwa. Wewe ulilikuta nyumbani kwenu, hukupata taabu hii."

"Basi fikiri," akasema Sultani. Akamwambia Vuai ataje zawadi aitakayo.

Vuai akasema kwamba hataki ila tangazo moja: kwamba katika Shungi kimya cha mtu mwenye hofu, na cha aliyelala, na cha mgonjwa, na cha maiti, kisihesabiwe kuwa ni ndiyo.

"Cha maiti cha nini?" akauliza Sultani.

"Maulana, Bibi Mbodze ni mzee," akasema Vuai, "na Waziri ni mtu mwenye subira."

Tangazo likapigiwa mbiu siku ile ile, sokoni na msikitini. Kila Ijumaa Sultani alituma mtu kwenda kumuuliza Bibi Mbodze kama amekwisha kufikiri, naye kila Ijumaa alimkaribisha mjumbe huyo uji, akamwambia bado.

Bibi Mbodze wa Chengo alikufa mwaka uliofuata, siku ya Jumatano, asubuhi, kabla mjumbe wa Ijumaa hajafika; na kwa kuwa mbiu ilikwisha kupigwa, akazikwa kwa jina la Mbodze.