Pedi Kizimbani

Tulieni basi! Umeme umekatika, na hata ukiikodolea macho tivii haitawaka kwa ajili yako. Wekeni pedi za gemu mezani. Wewe wa kofia, acha kutikisa hicho kiti, unanitikisa na mimi. Kuna jambo linanikosesha raha siku kadhaa sasa. Mimi Shangazi yenu, mwenye banda hili la gemu, limenishinda, kwa hiyo leo mtalibeba pamoja nami.

Kuna vijana watatu hapa Uyole, na kila mmoja alijaliwa chake. Tusekile alijaliwa mikono: mpe ndala kuukuu na wembe, atakuchongea kisanamu cha mtu hadi mama wa mtu huyo akitambue. Ambakisye alijaliwa jicho: akipiga picha kifuniko cha soda, utadhani ni uwanja wa mpira. Lusajo alijaliwa maneno, nayo hayajawahi kumkaa tumboni.

Kwa pamoja hutengeneza katuni za banda letu. Mmoja anachonga, mmoja anapiga picha, mmoja anaandika kwenye viputo vya maneno, kisha zinarushwa kwenye kundi letu la simu. Mnazijua, mmezichekea wenyewe. Kile kisanamu kinachoapa "hii ndiyo mechi ya mwisho, naenda nyumbani" huku kimeshaota ndevu. Kile kingine kilichoitwa na mama yake kikale, kikajibu kwamba hakiwezi, kimebakiza adui mmoja, na ugali ukaota ukungu.

Kwenye kucheza gemu kwenyewe, wote watatu ni wabovu. Nasema kwa upendo. Wabovu sawasawa.

Bingwa wetu ni Gwamaka, yule mrefu wa mabega yaliyoinama, anayekaa kitini kana kwamba anataka kuingia ndani ya tivii. Sasa sikilizeni alichokifanya. Hapa kwetu aliyefungwa husingizia pedi. Ni haki ya kila mtu, hata mimi nimeitumia. Unafungwa, unaipiga pedi kofi, unasema kitufe kimekwama, watu wanaguna, unampisha mwenzako, basi yameisha. Siku moja akaja mgeni kutoka Tukuyu, binti mpole aliyemleta bibi yake hospitali. Akaomba kucheza. Gwamaka, kwa kujiona, akazijaribu pedi zote, kitufe kwa kitufe, akachagua iliyo nzima kuliko zote, akatangaza mbele ya banda zima: "Leo nikifungwa, ni mimi. Pedi hii haina kosa."

Akafungwa mabao matano kwa bila.

Hakuweza hata kuipiga pedi kofi. Mtu ameifuta haki yake kwa mdomo wake mwenyewe! Akaiweka chini taratibu, akatoka, hakurudi. Nami nilihangaika, sifichi, kwa sababu mashindano ya mabanda yote ya Mbeya yanakuja, wachezaji wawili wawili, na bila Gwamaka sisi hatuna timu. Nikaenda kwao. Akaniamkia dirishani, "Shikamoo, Shangazi," na dirisha likafungwa kabla sijaitikia.

Ndipo wale watatu wakaamua kumtoa kwa katuni.

Tusekile alitafuta ndala kuukuu akakosa. Akaivua aliyokuwa ameivaa, ile ya bluu aliyonunuliwa Krismasi, akaikata hapa hapa mbele yangu. Nikamwambia, "Mwanangu, utarudi vipi nyumbani?" Akasema, "Nitachechemea, Shangazi. Raba nyingine ni ngumu, haikubali kuchongwa mabega." Na kweli, kisanamu kilitoka Gwamaka kabisa, shingo na mabega yale yale. Kisha akachonga pedi yenye miguu miwili, akaisimamisha kwenye kizimba cha njiti za kiberiti, imeshtakiwa.

Ambakisye hana simu. Simu ni ya mama yake, muuza vitumbua, na wateja wake huagiza kwa kupiga. Aliiazima kwa dakika chache, akalala kifudifudi kwenye sakafu hii kuanzia asubuhi hadi jua limehama ukutani, anatafuta kivuli anachokitaka. Simu ikiita, anaikata. Kisanamu cha Gwamaka alikipiga picha kutoka juu, kikawa kidogo kama sisimizi. Pedi aliipiga kutoka chini, ikaonekana kubwa na imeonewa, unatamani kuitafutia wakili. Vitumbua vikalala. Tangu siku hiyo mama yake hamruhusu hata kuigusa simu ya kuangalia saa.

Lusajo akaandika maneno. Hakimu anauliza, "Mshtakiwa, ni wewe uliyemfungisha huyu?" Pedi inajibu, "Mheshimiwa, mimi nabonyezwa tu. Tuviite vidole gumba vije hapa vijieleze." Tulicheka hadi tukashika mbavu, lakini mimi nilikuwa na wasiwasi. Gwamaka ndiye aliyempachika Lusajo jina la Nyavu, kwa jinsi anavyofungwa, na Lusajo analichukia jina hilo. Nikajua leo analipiza, atamzika mwenzake mzima mzima. Kumbe aliomba achongewe na yeye kisanamu, kwa kipande kilichobaki, na Ambakisye akakipiga picha kikiwa shahidi wa kesi. Kwenye kiputo chake akaandika: "Mimi naitwa Nyavu. Nimefungwa na kila mtu humu, na kila mara nimesema ni pedi. Haikuwa pedi hata siku moja. Pedi, nisamehe." Nilipoyasoma hayo, machozi yalinilengalenga, na mimi si mtu wa kulia.

Wakairusha. Kesho yake mama yake Gwamaka akaja mbio na kitenge hakijafungwa vizuri. "Dada, mmemtumia nini mwanangu? Anacheka peke yake chumbani, nimeogopa!" Nyuma yake, huyo Gwamaka. Akaenda moja kwa moja kwa Lusajo, akamwita Lusajo, si Nyavu.

Hapo ningefurahi nikalala usingizi. Lakini Gwamaka akasema, "Mashindano nakwenda, na mwenzangu atakuwa mmoja wa hawa watatu, kwa sababu wao ndio walionirudisha. Nani, mtajua wenyewe."

Tusekile akasema, "Bila mabega yale asingejua ni yeye anayesemwa."

Ambakisye akasema, "Kisanamu cha ndala kinaweza kukaa mezani mwaka mzima, nani angekiona? Mimi ndiye niliyempelekea chumbani."

Lusajo akasema, "Picha bila maneno ingemrudisha chini ya blanketi. Mimi nilijivua nguo mbele ya banda zima ili asisimame uchi peke yake."

Tukamgeukia Gwamaka mwenyewe. Akafikiri, akasema, "Mabega yalinishtua. Picha ilinionyesha nilivyo mdogo. Shahidi akanichekesha. Kingekosekana kimoja, ningekuwa bado ndani." Wakaanza upya, safari hii kwa sauti, na maneno yaliyotoka siwezi kuyarudia mbele yenu.

Waandaaji wa mashindano wanataka jina leo hii, kabla ya jua kuzama. Nikimtaja mmoja, wawili watabaki Uyole wakimsikia mwenzao akishangiliwa mjini, na mimi nitaendelea kuwatazama wakipishana mlangoni hapa bila salamu. Nikikaa kimya, Gwamaka ameapa haendi. Na akijifungia tena, safari hii hakuna katuni ya kumtoa, kwa sababu wanaojua kuitengeneza hawasemezani.

Haya, ninyi mafundi wa kuamua penalti mkiwa mmekaa. "Wapige kura" siitaki, walishapiga, kila mmoja akajichagua. Kuna kiti kimoja tu kando ya Gwamaka. Je, wewe ungemkalisha nani, na wale wawili ungewaambia nini?