Chungu cha Mwanakombo

Sogeeni karibu, nami niwasogezee ngano.

Ramadhani moja ya njaa kali, jini alimpa Mwanakombo chungu cha uji usiokwisha. Sharti lilikuwa moja: uchotwe kwa mkono wake wa kulia tu, mtu mwingine akichota, unageuka majivu. Wenye njaa wakaja kutoka bara, mstari hauna mwisho. Kila magharibi Mwanakombo akawachotea kabla hajafuturu.

Mkono ukaanza kuuma. Akamwita jirani. "Shoga, pika nawe hata kisufuria. Hawa ni wengi."

"Mwenye chungu cha jini ni wewe, mwenzangu! Mimi nipike cha nini?"

Akamwita wa pili, akacheka. Akamwita wa tatu, akafunga mlango, harufu ya sambusa ikabaki nje.

Jioni ile upawa ulimponyoka, na mkono haukuinuka tena. Uji ulijaa pomoni, watu wakautazama tu. Mwanakombo akalia.

Bibi mmoja, mifupa mitupu, ndiye aliyekuwa amepata bakuli la mwisho. Akamwekea Mwanakombo mdomoni.

"Mwanangu, adhana imeshalia. Futuru kwanza."

Mwanakombo akanywa funda moja, akamrudishia.

Ngano yangu naiacha hapo, mlangoni kwa majirani. Mstari ungali umesimama.