Tumbo la Jenerali Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelishwa kiporo? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kabla kitambi changu hakijaanza kunitangulia mlangoni, Jenerali Fisi na askari wake mbweha walivamia kijiji cha wakulima wa mtama. Wakala mtama, wakala mbuzi, wakala hata mbegu. Kisha Fisi akatangaza: "Mimi ndiye mlinzi wenu!"

Mlinzi! Nimezunguka nchi nyingi, nimelala na kunguni wa kila kabila, lakini mlinzi wa kula mbegu sijamwona kokote.

Kijijini alikuwepo Bi Somoe, mchoraji wa kuta. Huko ukuta hukandikwa udongo mbichi kwanza, ndipo uchorwe kwa masizi na chokaa. Basi akamchora Jenerali: tumbo kama ghala, nishani za mifupa kifuani, analamba chungu cha mtoto mchanga.

Watu waliokuwa wakitetemeka, wakacheka.

"Futeni!" Fisi akafoka.

Mbweha wakaukandika ukuta udongo. Majuha! Si wamemwandalia? Bi Somoe akachora tena. Wakakandika. Akachora. Wakakandika. Akachora, na safari hii tumbo likapinda kona ya nyumba.

Fisi akamkamata. "Kesho asubuhi, mbele ya wote, nitautafuna mkono huu!"

"Utafune, baba. Umemaliza mbegu za watoto, mkono wa bibi utakushinda?"

Asubuhi Fisi akatoka, akaduwaa. Kila nyumba ina tumbo lake! Mengine yamekwenda upande, kama maboga yenye masikio.

"Nani kachora?"

"Mimi," akasema ajuza mmoja, akainua mkono mweusi wa masizi.

"Mimi," akasema mke mwenzake.

"Mimi," akasema Mzee Mtonya, kipofu. "Na langu ndilo zuri kuliko yote!"

"Tafuneni mikono yote!"

Mkubwa wa mbweha akaitazama picha, akamtazama Jenerali, akaitazama picha. Akajizuia, akajizuia, akajizuia, kicheko kikampasuka! Kikosi kizima kikaanguka chini kwa kucheka. Jeshi linalomcheka mkubwa wake halitafuni mtu. Wanakijiji wakashika michi na majembe, Fisi akatoka mbio bila nishani, mbweha nyuma yake, bado wanacheka.

Bi Somoe, mkono wake mzima, akaenda kukagua kazi ya Mzee Mtonya.

"Mzee wangu, sikio umeliweka tumboni."

"Liache hapo hapo, mwanangu. Yule husikia kwa tumbo tu."

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyesinzia, shauri yake.