Zimwi Mbangua Korosho

Haya, mmenifuma: mtu niliyezaliwa mikoroshoni natafuna korosho za kopo nililonunua ng'ambo! Chekeni, kisha msikilize.

Palikuwa na zimwi. Kila mavuno lilikomba magunia yote ya kijiji, likazibangua korosho kwa meno, likamtemea jumbe, mkuu wa kijiji, korosho moja tu, nyeupe, inateleza mate. Jumbe akaimeza, akashukuru! Mwaka wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tatu wajukuu wa Bi Somoe, mkulima wa kijijini hapo, wakalala njaa.

Mavuno yaliyofuata, Bi Somoe akawasha moto, akachoma korosho zake, akazibangua kwa jiwe.

Zimwi likaja mbio. "Bibi, utaungua! Ninyi kazi yenu kulima. Kubangua niachieni mimi."

Mafuta ya maganda yalikwisha kumbabua Bi Somoe vidole. Hakuinua kichwa.

"Jembe hilo hapo. Kalime wewe."