Nguchiro Alipovuka Kwenda Kuchekesha Uwanja wa Kiboko

"Ninakuja."

"Njoo."

"Sikuja mikono mitupu."

"Umebeba nini?"

"Kisa cha mnyama mwenye sauti ndogo."

"Tutasogea tukisikie."

Basi sogeeni. Nawe bwana unayecheka kabla sijaanza, ngoja kwanza. Pengine hakitachekesha.

Palikuwa na kisiwa katikati ya ziwa, kidogo hivi kwamba ukipiga chafya upande huu, wa upande ule anakupa pole. Hapo aliishi Bi Nguchiro, na kazi yake ilikuwa kuchekesha. Kila alasiri alipanda kichuguu, akaketi, akasema maneno machache kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na jirani uani.

"Asubuhi nimemwona Mzee Kobe anakimbia," alisema siku moja. "Nikamuuliza, mzee, kulikoni? Akaniambia, nimechelewa harusi. Nikamuuliza, harusi ya nani?"

Hapo akanyamaza. Akatazama maji. Akajikuna sikio. Na wanyama wote wakanyamaza naye, maana walimjua.

"Akaniambia, ya baba na mama."

Kwi, kwi, kwi. Kanga akacheka mpaka akakaa chini. Kobe naye alicheka, ila yeye alianza siku ya pili yake.

Siku hiyo Yangeyange, yule ndege mweupe anayetembea juu ya migongo ya wakubwa, alikuwa amepumzika mtini. Akashuka, akamwambia Nguchiro, "Bi mdogo, hapa unachekesha wanyama thelathini. Ng'ambo kuna uwanja wa Bwana Kiboko. Huko ni maelfu, na wachekeshaji wanakula mayai mpaka wanayakimbia."

 Nguchiro alijua wawili waliokwisha kuvuka. Chura alivuka akafaulu, sifa zake zilifika mpaka kisiwani. Komba alivuka, na hakuna aliyesikia habari zake tena. Lakini kilichomsumbua Nguchiro hakikuwa mayai. Alitaka kujua kama kweli anachekesha, au majirani wanampenda tu.

Akapanda gogo. Chubwi, chubwi, mawimbi yakamfikisha ng'ambo.

Bwana Kiboko alikuwa amelala matopeni mbele ya jiwe pana, na hilo jiwe ndilo lililokuwa jukwaa. Alikuwa na tamaa ya ajabu, kwani kila kicheko kilichotoka uwanjani alikiita chake. Mtu akicheka pale nyuma kabisa, Kiboko huinua kichwa na kusema, "Asante."

"Karibu," alimwambia Nguchiro. "Sharti langu ni moja. Mchekeshaji akifika hapa haondoki mpaka mimi nicheke nitokwe na machozi. Yangeyange ni shahidi."

"Na ni nani amewahi kukutoa machozi, Bwana Mkubwa?"

"Bado," alisema Kiboko.

Alasiri ile Nguchiro alipanda jiweni. Mbele yake nyati, pundamilia na tembo walijaa mpaka upeo wa macho. Akaketi. Akasimulia habari ya Kobe, sauti ile ile. "Nikamuuliza, harusi ya nani?" Akanyamaza.

Kule kisiwani kimya kile kilikuwa nusu ya kichekesho. Huku Nyati mmoja alimgeukia mwenzake akasema, "Amesahau, maskini."

"Mpeni maji," akasema mwingine.

Aliposema "ya baba na mama," hakuna aliyekuwa akisikiliza tena.

Kiboko akamwita. "Tatizo lako ni dogo," alisema. "Ongeza sauti. Vaa manyoya. Anguka."

Kesho yake Nguchiro akapiga kelele, akavaa manyoya ya mbuni, akaanguka. Pu. Uwanja ukacheka. "Asante," akasema Kiboko. Keshokutwa akapiga kelele, akavaa manyoya, akaanguka. Pu. Uwanja ukacheka. "Asante," akasema Kiboko. Lakini machozi hayakumtoka. Angetokwaje na machozi, na hata jukwaani hakuwa akitazama? Alikuwa akisikiliza vicheko vyake.

Nyuma ya jiwe, Nguchiro alimkuta mnyama mdogo mwenye macho makubwa akijipaka matope magotini.

"Komba? Ni wewe?"

"Ni mimi, dada. Matope haya yanapunguza maumivu."

"Umekaa misimu mingapi?"

"Sita. Naanguka vizuri sasa. Naweza kuanguka kwa upande, naweza kuanguka kinyumenyume."

"Zamani ulikuwa na ile habari ya shemeji yako na mzinga wa nyuki. Nilikuwa nikiililia kwa kucheka. Inaendaje?"

Komba akafikiri kwa muda mrefu. "Kulikuwa na mzinga," alisema. Halafu akatikisa kichwa. "Siikumbuki, dada."

Nguchiro aliondoka pale. Siku nzima hakugusa yai. Aliona wazi kwamba misimu sita ikipita, yeye naye ataulizwa habari ya Kobe na atasema, kulikuwa na kobe.

Alasiri iliyofuata alimwendea Kiboko akapiga magoti. "Bwana Mkubwa, naanguka, lakini sianguki unavyotaka wewe. Ungepanda jukwaani ukatuonyesha, mimi ningesimama kando tu nijifunze."

Kiboko akafumba macho kwa raha. "Siku zote nimesubiri mtu aniombe," alisema.

Akapanda. Jiwe likalia. Uwanja wote ukatulia, maana hakuna aliyejua la kufanya. Nguchiro akaketi kando, bila manyoya.

"Mimi ni Kibokooo," akanguruma Kiboko.

Nguchiro akawageukia wanyama. Akasema kwa sauti yake ya chini, "Anajitambulisha. Ni kwa wale ambao hawakumwona."

Kimya. Kisha pale mbele Pundamilia mmoja akafanya kwi. Wa nyuma wakauliza amesema nini, wakaambiwa, wakasogea. Safu baada ya safu ikasogea, maelfu yakatega masikio.

"Tazameni ninavyoanguka," akasema Kiboko, akajitupa. Puuu. Ardhi ikatikisika, tembo wawili wakakaa bila kupenda.

"Ameanguka," akasema Nguchiro. "Anaomba habari hizi zisifike kwa mkewe."

Kwi, kwi. Kiboko akainuka akiwa na furaha. Hakumsikia Nguchiro kwa sababu hakuwahi kumsikia mtu yeyote. "Wanacheka," aliwaza, "na safari hii mimi ndiye jukwaani." Akapanua kinywa akatangaza, "Tangu nizaliwe, mimi sijakosea hata mara moja."

Nguchiro akamtazama Kiboko. Akawatazama wanyama. Akajikuna sikio. Hakusema kitu.

Na safari hii hakuna aliyempa maji. Walisubiri naye. Kimya kikakua, kikakua, kisha Nyati yule yule akapasuka kwa kicheko, na uwanja mzima ukamfuata, wakashikana mabega, wakagaragara. Kiboko alipoona anavyochekwa akadhani ndivyo anavyopendwa. Akacheka naye. Akacheka mpaka mashavu yakaloa.

"Bwana Mkubwa," akasema Nguchiro, "macho yako."

Kiboko akajifuta. "Ni matope."

Yangeyange akaruka, akatua juu ya pua yake, akachungulia. "Ni machozi, bwana. Mimi ni shahidi."

"Nendeni basi," akasema Kiboko kwa ukarimu. "Wote. Mchekeshaji nimekuwa mimi mwenyewe."

Kesho yake alipanda jiweni peke yake. Akanguruma, akajitupa, puuu. Wanyama wakatazama kando yake, pale palipokuwa patupu. Halafu wakaenda kula nyasi. Chura hakuondoka, akabaki huko kwa hiari yake, maana kuruka na kuanguka ndiyo kazi yake hata nyumbani.

Komba alirudi kisiwani. Siku ya kwanza alipanda kichuguu, akasimama, akaanguka. Majirani wakakimbia kumuuliza kama ameumia. Hilo lilimchoma kuliko michubuko yote ya ng'ambo. Nguchiro akaketi karibu yake, akamwambia, "Usianguke, ndugu yangu. Kaa tu. Habari itakuja yenyewe." Mvua mbili zilipita ndipo mzinga wa nyuki ukapata tena shemeji.

Na Kanga, ambaye hana haya, alimuuliza Nguchiro mbele za watu, "Kwani huko ulifaulu au hukufaulu?"

Nguchiro akajikuna sikio.

"Siku nyingi nilianguka, wakacheka," alisema. "Siku moja nilinyamaza, wakacheka. Ile moja ninayo mpaka leo. Hizo nyingine aliondoka nazo Kiboko."

Imeishia hapo. Chumvi yake ni yangu, maji ongezeni nyumbani kwenu.

"Tutaongeza."

Na funzo msilisahau: ukiwa na sauti ndogo, usipige kelele, wala usiogope kunyamaza. Na ukimwona mkubwa analitamani jukwaa lako la kuchekeshea, mpishe haraka. Wakubwa wanachekesha kuliko wanavyojijua.