Mlima wa Majivu Matupu

Bwana Nasibu, mpimaji wa madini, aliuchimba na kuupima mlima wa volkano wa kisiwa cha Fukizo kwa siku tisa, akaukuta umejaa salfa. Mwenye mlima alikuwa Bi Mwanakheri, aliyelima na kuishi hapo pamoja na ukoo wake wote.

"Bibi, huu ni majivu matupu," Nasibu alimwambia. "Niuzie kwa bei ya mbuzi, nikupunguzie mzigo."

"Umepima vizuri, mwanangu?"

"Kwa vyombo vya kisasa."

"Wajukuu zangu ni wabishi. Watasema bibi karogwa. Niandikie hayo, utie sahihi na muhuri."

Nasibu aliandika kwa furaha, akagonga muhuri mara mbili ili wabishi waone vizuri. Bi Mwanakheri aliifunga karatasi ile katika pembe ya leso.

"Basi siuzi."

"Kwa nini tena?"

"Kukuuzia majivu ni dhuluma, mwanangu. Nitamjibu nini Mola?"

Nasibu hakubishana. Kisheria, aliyethibitisha madini alipewa leseni, mwenye ardhi apende asipende. Kesho yake alivuka hadi ofisi ya madini, akaweka mezani taarifa ya salfa, yenye sahihi na muhuri wake.

Karani aliisoma, akafungua jalada la Fukizo, akatoa karatasi iliyofika asubuhi ile, ingali na mikunjo ya fundo la leso. Alizilinganisha kwa utulivu.

"Mihuri yote mitatu ni yako," alisema. "Taarifa ya uongo ina kifungo. Nisaidie tu, bwana: nipeleke ipi kwa hakimu?"